Fleti ya zamani Fukuoka: nilivyonunua chumba nisichokiona

Nikiwaambia ndugu zangu Tanzania kwamba Japani mgeni anamiliki nyumba pamoja na fungu lake la ardhi, bila ukomo wa miaka na bila kuulizwa viza, hawaamini. Kinachobana ni mkopo. Benki nyingi hazimkopeshi asiye na ukaazi wa kudumu, nami sikuwa nao, kwa hiyo nilitafuta kitu cha kulipia taslimu. Akiba yangu ilitosha majengo ya miaka ya 1980.

Kwa majengo ya umri huo, cha kwanza nilichouliza ni tarehe ya kibali cha ujenzi. Kanuni mpya za kuhimili tetemeko zilianza tarehe 1 Juni 1981, na kinachohesabika ni siku kibali kilipotolewa, si siku jengo lilipokamilika. Dalali mmoja alinionyesha fleti ya bei nzuri, jengo la 1982. Kibali chake kilikuwa cha 1980. Nikaiacha. Katika tetemeko la Kobe mwaka 1995 majengo ya kanuni za zamani ndiyo yaliyoumia zaidi, na Fukuoka yenyewe ilitikiswa Machi 2005.

Niliyoichagua iko Ohashi, wilaya ya Minami, jirani na kampasi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Kyushu, kwa yeni 5,800,000. Iliuzwa mpangaji akiwa ndani, na katika mauzo ya aina hiyo kwa kawaida mnunuzi haingii kukagua. Basi nikalikagua jengo. Nilimwomba dalali, mama makini sana, aniletee ripoti ya usimamizi, mpango wa ukarabati wa muda mrefu na kumbukumbu za mikutano ya wenye fleti. Nilizisoma usiku kucha, kamusi pembeni, na naamini hapo ndipo ununuzi ulipofanyika hasa. Kila mwenye fleti hulipa kila mwezi ada ya usimamizi na akiba ya ukarabati. Akiba ikiwa tupu, siku ya kupaka rangi kuta za nje, kuziba paa au kubadilisha mabomba mtachangishwa kwa mkupuo. Tena deni la ada la mwenye fleti aliyetangulia humfuata mnunuzi, kwa mujibu wa sheria. Jengo moja karibu na Tenjin, katikati ya jiji, lilikuwa na ukumbi wa kupendeza na wadaiwa wengi. La Ohashi lifti yake ni ya kizamani, lakini mabomba makuu yalikwisha kubadilishwa na hakuna aliyedaiwa.

Makaratasi hayakunisumbua: muhuri wangu wa jina, ambao Japani hutumika kama sahihi, ulikuwa umesajiliwa ofisi ya wilaya, na mtaalamu wa usajili alihamisha umiliki siku ya malipo. Dhamana aliyoweka mpangaji ilihamia kwangu pamoja na wajibu wa kuirudisha. Hilo mjue mapema, kama mnavyopaswa kujua kwamba sheria inamlinda mpangaji na kumtoa si rahisi.

Sasa hesabu, maana matangazo huonyesha kodi ya pango ghafi tu, kabla ya makato. Napokea yeni 38,000 kwa mwezi, yaani 456,000 kwa mwaka, karibu asilimia 7.9 ya bei. Toa ada na akiba, 13,700 kila mwezi. Toa asilimia 5 ya kampuni inayokusanya kodi ya pango, toa kodi ya mali ya kila mwaka. Zinabaki kama yeni 240,000, zaidi kidogo ya asilimia 4, kabla ya kodi ya mapato. Kwenye kununua kulikuwa na udalali wa yeni 257,400, gharama za usajili na kodi ya upatikanaji wa mali, ambayo bili yake huja miezi kadhaa baadaye, wakati wengi wameshaisahau.

Mimi nimeridhika na asilimia hiyo, kwa sababu naijua inakotoka. Kwenye mkutano wa mwisho wa wenye fleti lilikuja pendekezo la kupandisha akiba ya ukarabati kabla ya kazi ya kuta za nje. Litapunguza mapato yangu, na nililipigia kura ya ndiyo.