Sasa miguu waliionaje?

Juzi jioni nilikuwa Mikindani kwa mjomba, tumekaa barazani tunatafuna korosho. Mjomba aliwahi kuwa mzee wa baraza Mahakama Kuu hapa Mtwara, yaani raia wa kawaida anayekaa na jaji kumpa maoni yake, kesi za mauaji, enzi zile jaji hasikilizi bila wazee pembeni (tangu 2022 sheria imebadilishwa, si lazima tena). Nikamsimulia ya Texas, Marekani, Agosti 2020 wakati wa korona, juri ya watu sita (huko raia ndio wanaoamua kama mtu ana hatia) wamesikiliza kesi ya mwendokasi kwa video, kila mtu yuko kwake, mahakama imewagawia hadi aipadi, wakamkuta dereva na hatia, faini dola 50.

Mjomba akauliza kitu kimoja tu, sasa miguu ya shahidi waliionaje?

Nikacheka, kumbe yupo siriasi. Kuna shahidi alikuja kwenye kesi yao, uso mkavu, anajibu fasta utafikiri kakariri, ila kila akiulizwa habari ya panga kidole gumba cha mguu kinachimba kandambili. Mjomba akaomba kumuuliza swali, jamaa akaanza kujikanyaga mwenyewe. Kwenye video ungemwona kuanzia kifuani kwenda juu, basi.

Mie sipingi video jamani. Mahabusu kesi yake inatajwa tu halafu inaahirishwa, wa nini kumsafirisha, na daktari wa Dar kupanda basi kilomita 500 na ushee aje kusema dakika kumi nayo ni mateso. Ila shahidi ambaye kesi nzima imemwegemea yeye, hapana, huyo aletwe mzima mzima.

Halafu kuna usingizi. Mjomba anasema saa nane mchana na joto la huku, mwenzake alikuwa anamkanyaga akianza kusinzia. Ukiwa nyumbani nani akukanyage? Hukohuko Texas, Mei 2020 kwenye kesi ya bima iliyoendeshwa kwa video kwa majaribio, mtu wa juri aliinuka akaenda kupokea simu, jaji anamwita kwenye skrini wala hasikii. Na hao hata umeme wao haukatiki kama wetu.

Nikamfungulia video ya mahakama moja ya huko Marekani aone. Akaivuta picha kwa kidole kwenda juu, mara mbili, anatafuta miguu.