Kwa nini naiweka The Dark Crystal juu ya Labyrinth

Kati ya The Dark Crystal na Labyrinth, filamu mbili za vikaragosi za Jim Henson, yule Mmarekani mchezeshaji wa vikaragosi, iliyo bora ni The Dark Crystal. Nasema hivi huku Labyrinth nikiwa nayo moyoni na nyimbo zake nikiziimba kwenye cherehani mpaka wateja wananiuliza naimba nini.

Nimekulia Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, miaka ya tisini. Jirani yetu alikuwa na deki na mikanda michache, na mikanda ya filamu hizo mbili ilirudiwa mpaka picha ikaanza kukatwa na mistari. Maandishi ya chini hayakuwepo. Kaka yangu, aliyekuwa sekondari, ndiye aliyetutafsiria, na pale Kiingereza kilipomkwama alitunga ya kwake. Skeksis, wale watawala waovu wa The Dark Crystal, aliwapa sauti za wazee wanaogombea kiti kwenye baraza, na hadi leo nikiwaona nawasikia kwa sauti hizo.

Zote mbili zilipigwa Uingereza, kwenye studio za Elstree. The Dark Crystal ilitoka 1982, Henson akiiongoza pamoja na Frank Oz. Labyrinth ilitoka 1986, Henson akiwa mwongozaji peke yake, na George Lucas akiwa mtayarishaji mkuu. Michoro ya viumbe wa filamu zote ni ya Brian Froud, muziki ni wa Trevor Jones, ila kwenye Labyrinth nyimbo ni za David Bowie. Mikono ni ile ile, basi. Kinachozitenganisha ni kwamba kwenye The Dark Crystal huoni uso wa binadamu hata mmoja.

Hapo ndipo penye uzito wote. Kila unachokiona mle kimechorwa, kikachongwa, kikashonwa. Jicho halipewi ngozi ya kweli ya kulinganisha, kwa hiyo linakubali. Baada ya dakika chache umeshaacha kutafuta mkono wa mchezeshaji uko wapi. Wale wanyama wa miguu mirefu wanaowabeba Jen na Kira, vijana wawili ambao ndio mashujaa wa hadithi, wana mtu ndani, amesimama kwenye magongo kwa miguu na kwa mikono, na hata ukijua hilo bado unaona mnyama anakimbia.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi Skeksis ni darasa. Angalia nguo zao: vazi juu ya vazi, velveti, lesi iliyochanika, kola zinazopanda nyuma ya kichwa, kila kitu cha fahari na kila kitu kinaoza. Mtu aliyeshona vile alijua kuharibu kitambaa kwa makusudi, na kuharibu vizuri ni kazi ngumu kuliko kupiga pasi. Kisha inakuja ile hukumu ya jiwe, shindano la kupiga mwamba kwa upanga. Mfalme wao amekufa, wawili wanagombea kiti, na Chamberlain, yule mwenye mguno wa kujipendekeza, anashindwa. Wenzake hawamuui. Wanamrukia na kumchania nguo zote mwilini, na chini ya ule mlima wa vitambaa anabaki kiumbe mwembamba anayetetemeka. Wanamfukuza hivyo hivyo. Sijaona filamu nyingine inayoeleza mamlaka kwa sindano na uzi namna ile. Tulipokuwa wadogo tulicheka. Sasa hivi nikifika pale huwa nashusha mkasi.

Upande wa pili wako Mystics, wazee wale wa polepole, nao wanatembea kuelekea kwenye ngome ya Skeksis huku wakiimba kwa koo. Bibi yangu, mtu wa Bahi, televisheni ilikuwa haimshiki hata kidogo. Siku moja alipita na ungo wake akasikia ule mvumo, akasimama mlangoni. Ni kama nyimbo za Kigogo, sauti ya chini inapolala na nyingine zinapanda juu yake moja moja. Alisikiliza mpaka ukakatika, ndipo akaendelea na mtama wake. Na hadithi ikaweka kitu kizito nyuma ya mwendo ule: Skeksis mmoja akifa, Mystic mmoja naye anatoweka, kwa sababu zamani walikuwa kitu kimoja kabla jiwe la kioo lenye jina la filamu halijapasuka. Mwanasayansi wa Skeksis anapoanguka kwenye shimo la moto, kule njiani mzee mmoja anawaka na kuisha. Hakuna anayeeleza. Mtoto anaelewa.

Udhaifu wake ni Jen. Uso wake ni laini mno, mdomo haufunguki vya kutosha, na ajabu ni kwamba aliyemchezesha ni Henson mwenyewe. Kira anamzidi kwa mbali, anaongea na wanyama, ana mbawa, na mwishoni ndiye anayelipa gharama. Lakini ninakubaliana na wanaosema kwamba ubaya umechongwa kwa ustadi kuliko uzuri katika filamu hii. Aughra, mama yule mwenye jicho moja analoweza kulitoa na kulishika mkononi, ana uhai kuliko Jen na Kira wakijumlishwa.

Sasa Labyrinth. Mwanzo wake unanipata kuliko chochote cha The Dark Crystal, nisiwafiche. Mimi ni dada mkubwa. Nimekaa na mtoto mgongoni wenzangu wakicheza rede, na najua hasira ya Sarah, msichana wa hadithi, anapoachiwa mdogo wake anayelia usiku wa mvua. Anapotamka kwamba vibwengo waje wamchukue, na kilio kinakatika ghafla, hakuna mtoto wa kike aliyelea mdogo wake asiyeshtuka. Halafu Jareth, mfalme wa vibwengo anayeigizwa na Bowie, anampa saa kumi na tatu kumrudisha.

Tatizo ni kwamba Sarah ni Jennifer Connelly, mtu mwenye ngozi na nywele za kweli, na vikaragosi lazima wasimame karibu naye. Hoggle, yule mzee mfupi anayemwongoza njia, anaweza. Ndani yake alikuwepo Shari Weiser, na uso ukaendeshwa na Brian Henson na wenzake kwa redio kutoka pembeni, na aibu ya yule mzee inaonekana mpaka kwenye mashavu. Wengine hawawezi. Wale viumbe wekundu wanaong'oa vichwa vyao wananichosha. Picha zao zimebandikwa juu ya mandhari na unaona kingo.

Lakini lile shimo la mikono! Sarah anaanguka, mikono inamdaka kutoka ukutani, na inapotaka kuongea naye inajipanga kuwa nyuso: vidole vikawa midomo, ngumi zikawa macho. Ni kazi ya kikaragosi ikiwa imevuliwa kila kitu, na ndiyo dakika bora ya Labyrinth. Ile mipira ya kioo ya Bowie nayo ilizungushwa na Michael Moschen, aliyejificha nyuma yake na kupitisha mkono mbele bila kuona anachokifanya. Gauni la Sarah kwenye dansi, lenye mikono iliyofutuka begani, sitalizungumzia sana. Maharusi wa Dodoma wameshaniletea picha yake.

Kwenye kumbi za sinema za Marekani, Labyrinth haikupokelewa. Iligharimu takriban dola milioni 25, huko ikaingiza nusu hivi ya hizo. Baada ya hapo Henson hakuongoza filamu ndefu nyingine. Alifariki Mei 1990, akiwa na miaka 53. Inaniuma kwamba aliondoka kabla hajaona tulivyokuja kuipenda, huku mbali kabisa.

Kuna jambo moja linanifanya nizione kama ndugu wa tumbo moja. Aliyewachonga Jen na Kira ni Wendy Midener. Yeye na Brian Froud walikutana kwenye kazi ya The Dark Crystal, wakaoana, na mtoto wao Toby ndiye yule mchanga wa nguo za mistari anayeibwa kwenye Labyrinth. Toby alikua, akawa fundi wa vikaragosi, na mwaka 2019 alikuwemo kwenye kikosi kilichotengeneza mfululizo wa Netflix unaosimulia yaliyotangulia The Dark Crystal.

Wenye watoto wadogo, waanzisheni na Labyrinth, mchana, na muwaache wacheze na nyimbo. The Dark Crystal ingojee wafike darasa la tatu au la nne. Mkifika pale Podling, mmoja wa wanakijiji wadogo wa filamu ile, anapofungwa mbele ya jiwe la kioo na uhai wake kunyonywa mpaka macho yanafifia, mkae nao kochi moja, na msipeleke mbele.