Rotax 912 kwenye stendi: njia ya petroli, upande wa kuvuta

Njia ya petroli imekamilika kuanzia tenki hadi kabureta zote mbili. Injini yenyewe, Rotax 912 UL ya ndege ndogo, yenye nguvu za farasi 80, bado imefungwa kwenye stendi ya vyuma hapa karakana, Kigoma mjini. Siiwashi mpaka nijiridhishe kwa mambo mawili: kwamba mafuta yanafika ya kutosha, na kwamba njia haivuti hewa.

La kwanza lilikuwa jepesi. Kitabu cha injini kinasema kwa nguvu za kupaa inakula lita 24 kwa saa. Kanuni za Marekani za ndege ndogo kwa muda mrefu zilidai mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya kiasi hicho, na ule unaoteremsha mafuta kwa uzito wake wenyewe asilimia 150. Tenki langu liko chini ya kabureta, kwa hiyo ni pampu: lita 30 kwa saa, yaani nusu lita kila dakika. Niliinua pua ya stendi kama ndege inayopanda, nikaacha mafuta kidogo tu tenkini, maana hapo ndipo mfumo unapoelemewa. Pampu ya umeme ikajaza chombo cha lita moja kabla dakika mbili hazijaisha. Geji ya presha ilikaa 0.3 ba, katikati ya mipaka ya 0.15 na 0.4. Presha ikizidi, sindano za kabureta hushindwa kuzuia mafuta na injini inafurika. Pampu ya pili, inayoendeshwa na injini yenyewe, itapimwa siku injini itakapozunguka.

La pili ndilo limenikalisha. Baada ya pampu, mpira ukiwa na upenyo petroli hutoka nje, utaiona na utainusa. Kabla ya pampu mambo hugeuka: mafuta yanavutwa, kwa hiyo penye ufa hewa huingia ndani na nje hubaki kukavu kabisa. Mzee mmoja, fundi wa injini za boti pale Kibirizi, alikuja kuangalia akanikuta napitisha kidole kwenye viungo kutafuta unyevu. "Mwanangu, hapo tone hutaliona. Weka mpira unaoonyesha ndani, uangalie mapovu." Tukaweka kipande cha plastiki angavu kabla ya pampu, kwa kipimo tu, kwa sababu plastiki ya namna ile hukakamaa kwa petroli na haifai kubaki kwenye ndege.

Mapovu yakaonekana, madogo, yakifuatana. Yalitokea kwenye chujio. Klipu zilizokuwapo ni zile za skrubu zenye matundu kwenye ukanda, na ukanda ule ulikuwa umeuma mpira na kuuchana. Nimekata ncha iliyoumia na kuweka klipu zinazobana sawasawa mzunguko mzima. Mapovu yamekoma, hata pampu ikifanya kazi muda mrefu.

Pampu ya umeme nimeiweka chini, karibu na tenki, mbali na eksozi. Petroli inayovutwa hushuka presha, na ikishuka presha huchemka upesi. Ongeza joto la mchana wa Septemba na kimo cha hapa, maana hata uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mvuke ukijaa kwenye njia, pampu inazunguka bila kusukuma kitu. Ndiyo maana kuna mpira mwembamba wa kurudisha mvuke tenkini, na kila mpira unaopita chumba cha injini utavishwa ala ya nyuzi za kioo yenye silikoni. Tundu la hewa la tenki nimelifunga wavu mdogo wa waya: nyigu wa huku hupenda kujenga udongo ndani ya vitundu kama hivyo, na tenki lisilopumua hukaba mafuta.

Mipira yote nimeiandika kwa rangi mwaka iliyotengenezwa. Rotax wanataka ibadilishwe kila miaka 5, hata kama inaonekana mizima.

Vipimo vya petroli tunafanya asubuhi, milango wazi, chombo cha bati kikiwa kimeunganishwa kwa waya na stendi ili umeme tuli usirushe cheche, na mtungi wa poda ya kuzimia moto uko mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Nyuma ya ukuta wetu mama jirani anakaanga dagaa kwa jiko la mkaa, kwa hiyo tumekubaliana: hatufungui mafuta kabla ya kumpigia hodi, naye hawashi mpaka tumwambie tumemaliza.

Kinachofuata ni ala za kuzuia moto, kisha kurudia kipimo cha mapovu mipira ikiwa imepata joto la jua la mchana.