Bustani Yangu ya Maua na Mimea ya Ngozi
Kabla sijachimba shimo hata moja, nilitumia siku tatu kuangalia jua linavyopita uani, kwa sababu kalendula (ua la rangi ya njano au chungwa) na lavenda (mmea wa maua ya zambarau yanayonukia) huhitaji jua la moja kwa moja kwa takribani saa 6 kwa siku, na zikipandwa kivulini hutoa maua machache. Lavenda nimeitengea sehemu iliyoinuka, yenye udongo wa kichanga usiotuamisha maji, kwani mizizi yake huoza upesi. Mnanaa nitaupanda kwenye chungu, maana ukiachiwa ardhini hutambaa na kumeza kitalu kizima.

Kalendula ndiyo niipendayo kuliko yote, nami nimeipa nafasi kubwa zaidi. Ua lake likichumwa asubuhi, umande ukishakauka, huacha utomvu unaonata vidoleni, na utomvu huo ndio ninaoutaka ndani ya mafuta yangu ya kupaka ngozi. Maua hayo nitayaanika kivulini mpaka yavunjike yakiguswa, kisha nitayaloweka katika mafuta ya zeituni kwa wiki 4 hadi 6. Ua lenye unyevu, hata kidogo, linaweza kuotesha ukungu na kuharibu chupa nzima, kwa hiyo hapa sitakuwa na haraka.

Waridi nitapanda mashina mawili tu. Sitayapulizia dawa za wadudu, kwa kuwa petali zilezile zitaingia kwenye saladi. Kila mafuta mapya nitayajaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko kwa saa 24, kwani hata ua la bustanini linaweza kumletea mtu mzio.