Sufuria ya Bibi, Usiku wa Jipe

Mwezi wa pili mwaka 2004 gari la babangu liliegeshwa chini ya mwarobaini nje ya nyumba yetu Kisauni, na haukupita muda kuku wa jirani wakaanza kutaga chini yake. Zilikuwa siku za sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya. Kila matatu itiwe mikanda kila kiti, ipigwe mstari wa manjano ubavuni, ifungwe gavana isipite kilomita 80 kwa saa, dereva na makanga wavae sare. Nissan yetu ilikuwa imezeekea njia ya Mwembe Tayari na Bamburi. Baba alipiga hesabu ya mikanda na gavana, akasema ni kama kumnunulia maiti viatu.

Lakini mtu aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri haachi kuamka. Alikuwa akirudi msikitini anaingia garini na nyundo. Aling'oa viti vyote isipokuwa vya mbele, akapigilia kitanda cha mbao upande hadi upande, chini yake akapanga makasha ya vyombo. Zamani aliwahi kuitwa Tiwi kutengeneza gari la wazungu waliopiga kambi ufukweni, gari lenye kitanda na jiko ndani, na nadhani tangu siku hiyo lilimkaa moyoni. Akamwomba mama leso mbili kuukuu za pazia. Mama akampa moja.

"Watu wana nyumba, wakalale barabarani?" alisema. Jirani naye hakupitwa: "Ndio mwahama?"

Likizo ya Agosti tukaondoka: baba, mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu na mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja. Bibi hakuuliza twenda wapi, aliuliza tutakula nini. Akaja na stovu, samaki wa kukaanga, mahamri ya kulisha arusi, na ile sufuria yake ya pilau aliyokuja nayo kutoka Lamu alipoolewa. Sufuria ile ilikuwa haitoki kabatini ila kwa Idd na hitima. Mama alipomwambia twaenda siku mbili tu, alijibu kwamba njaa haina kalenda.

Mackinnon Road tukasimama kwenye msikiti ulio kando ya reli, penye kaburi la Sayyid Baghali. Madereva wengi husimama pale wakatoa sadaka, na bibi hangekubali tupite kama magunia. Voi tukaiacha barabara ya Nairobi, tukashika ya Taveta. Baada ya Mwatate lami ilikwisha. Kutoka hapo ni vumbi jekundu lililoingia kila tundu ambalo baba aliapa ameliziba. Tulipofika Ziwa Jipe, buibui la bibi lilikuwa rangi ya matofali, na yeye ameshaacha kusema, jambo ambalo kwa bibi ni dalili mbaya.

Ziwa lenyewe halikunipendeza kwanza. Nilitarajia kitu kama bahari, nikaona matete, kisha maji, kisha milima ya Upare. Mpaka wa Kenya na Tanzania wapita humo humo majini, wala hauonekani. Wavuvi walikuwa wakirudi na mitumbwi, na baba akanunua perege wanne. Bibi alimgeuza mmoja, akamnusa, akauliza samaki asiyejua chumvi atakuwa na ladha gani. Alikula wawili.

Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, alikuja jua likizama. Alituambia jua likishatua asitoke mtu garini, kwa kuwa viboko hupanda kula majani, na ukisimama baina ya kiboko na maji umejitakia. Mimi kiboko nilichokijua ni cha madrasa, na sikujua hata kwamba vile vya kuchapia vilikuwa vikikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyu. Choo kilikuwa hatua kama arubaini kutoka kwenye gari. Hakuna aliyeifikiria hesabu hiyo.

Saa nane za usiku niliamka kibofu kimejaa. Tulilala kama samaki kwenye pakacha, neti imetufunika sote, mbu wanaimba nje yake. Nilipomgusa mama ndipo nikasikia: majani yanachanwa, taratibu, kama mtu apasuaye kitambaa cha marekani. Baba alisogeza leso kidogo. Mbalamwezi ilikuwapo. Kiboko alikuwa karibu nasi, mweusi, mpana kuliko gari la mkate, anakula kichwa chini kama ng'ombe. Na alikuwa baina yetu na choo. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kiboko aweza kula kilo 40 za majani usiku mmoja. Usiku ule nilihisi ameamua kuzila zote pale pale.

"Yazuie mpaka alfajiri," mama alininong'oneza.

"Siwezi."

Kimya. Tulisikiliza majani yakichanwa. Kisha sauti ya bibi ikatoka gizani, bila ya haraka:

"Leteni sufuria."

"Mama! Ya pilau?"

"Mna nyingine?"

Mengine siyasimulii. Nitasema tu kwamba shaba tupu ina sauti, kwamba yule mnyama aliacha kutafuna kidogo akasikiliza, na kwamba baada yangu alifuata mdogo wangu, kisha mtu mzima mmoja ambaye bado yu hai na husoma niandikayo. Baba alicheka mpaka akauma mto. Tangu gari lisimame sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Asubuhi mawingu yaliachana kwa muda wa kuchemsha chai, Kilimanjaro ikaonekana na theluji yake. Darasani nilikuwa nimeikariri, mita 5,895, na nikaisema kwa sauti. Hakuna aliyenijibu. Bibi alikuwa majini penye wavuvi, amekunja buibui, anaisugua sufuria kwa mchanga.

Tuliporudi Kisauni alikuwapo mtu barazani anamngoja baba. Alikuwa amelilipia gari arubuni kabla hatujasafiri. Baba alijua, na mama alijua, na ndiyo maana ile leso ya pili niliikuta pia garini siku tuliyoondoka, mama ameifunga mwenyewe. Kitanda kikang'olewa jioni ile ile.

Mnunuzi alikuja kumalizia baki siku ya Idd, mwezi wa Novemba. Bibi alikuwa ameiosha sufuria kwa majivu na ndimu siku tatu mfululizo, akatangaza kuwa imetohara na asiyetaka ale mkate. Kuni zilikuwa mbao za kile kitanda. Yule bwana alikula, akaongezwa, akala tena.

"Bi mkubwa," akasema, "pilau yako ina siri gani?"

"Sufuria, mwanangu," bibi akajibu. "Ya zamani hiyo."

Baba alinyanyuka ghafula akasema anakwenda kuangalia maji.