Mzee akinipigia namkatia simu: venye nilifunga mlango baada ya kuibiwa

Nina duka la yunifomu za shule hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, cherehani nne, mafundi watatu, kijana mmoja wa kaunta, na mimi mwenyewe msimu ukiwa moto. Vitambaa naletewa kutoka Nairobi na mzee mmoja ambaye tumefanya biashara tangu 2016, kwao ni Mombasa, na Kiswahili chake ni kile cha kukuuliza hali yako, ya watoto, ya kazi na ya mvua kabla hajakutajia bei ya roli moja. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita mwanangu. Naanza na hapo kwa sababu bila kuelewa hiyo heshima hamwezi kuelewa venye niliibiwa.

Ilikuwa Juni mwaka jana na ilikuwa shilingi 43,500.

Imeli iliingia Jumanne asubuhi ndani ya mazungumzo yetu ya kawaida, yaani ukishuka chini unaona meseji zetu zote za zamani, hadi ile nilimuuliza kuhusu kitambaa cha maruni cha sketi za shule moja ya Siaya. Na huko juu ikaniuliza kwanza kama ile maruni ilimpendeza mwalimu mkuu, ndio sasa ikafika kwa maneno yenyewe: till yetu (ile namba ya M-Pesa ya kupokea malipo ya duka) inasumbua wiki hii, lipia kwa hii ya jirani, jina litakalotokea ni tofauti usishtuke. Usishtuke! Nikaweka namba, simu ikaleta jina, na lilikuwa jina la buchari. Mimi nanunua kitambaa alafu nalipa buchari. Nililiangalia hilo jina sekunde kama tano hivi, nikajiambia si ameshasema litakuwa tofauti, nikaweka PIN.

Keshoyake nikaenda stendi kuchukua mzigo, hakuna. Nikampigia Mzee akaniambia mwanangu, mimi sijakuandikia imeli tangu mwezi wa tano.

Nilipiga huduma kwa wateja ya Safaricom, nikaambiwa pesa ilitoka dakika chache tu baada ya kuingia. Ile njia ya kufowadi meseji ya M-Pesa kwa 456 inasaidia mtu aliyekosea namba akakumbuka haraka kabla pesa haijaguswa, mimi nilikumbuka baada ya siku nzima. Nikaenda polisi nikapewa namba ya OB, lile daftari lao la matukio, afisa akanieleza vizuri kabisa kwamba hilo ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, nikasema asante, nikarudi nikakaa kwa cherehani bila kushona kitu. Hiyo pesa sijaiona mpaka leo.

Sasa kilichoniuma zaidi ya pesa ni kwamba mimi nilijiona mjanja. Sisi Wakenya tumekuwa na wakora wa simu miaka mingi, wale tunasema wanapiga kutoka gereza la Kamiti, "ile pesa tuma kwa hii namba", "mteja wetu umeshinda", "nimetuma kwako kimakosa tafadhali rudisha". Na tuliwajua kwa nini? Kwa lugha. Kizungu cha imeli kimepinda, Kiswahili kimejaa makosa, anajiita ofisa wa kampuni na nyuma unaskia jogoo. Hiyo lugha mbovu ndio ilikuwa kufuli yetu bila sisi kujua, na hakuna mtu aliwahi kutuambia kwamba siku moja mkora ataandika vizuri kuliko sisi.

Mpwa wangu anasomea kompyuta Chuo Kikuu cha Maseno, akaja wikendi. Alichukua simu yake, akaandikia moja ya hizi programu za AI kwa Kiswahili chetu cha hovyo hovyo, niandikie barua ya kumwomba mteja wa zamani alipe kwa akaunti nyingine, iwe na upole, imuulize habari za watoto. Nusu dakika hivi. Niliisoma nikanyamaza, juu ilikuwa na upole kuliko mimi. Kusema ukweli siku hizi na mimi natumia hiyo hiyo kuandika kwotesheni za shule, sitadanganya, na zinapendeza.

Alafu akaingia kwa imeli yangu mwenyewe, na hapo ndio aibu ilinishika. Huko kwa seting'i kulikuwa na anwani ya mtu nisiyemjua, kila meseji inayoingia kwangu kopi inaenda kwake. Nilikuwa nimefungua imeli kwa saiba nikiprinti kwotesheni nikasahau kutoka, na paswedi yangu ilikuwa hiyo moja ya kila mahali, Facebook, imeli, kila kitu. Kumbe mtu alikuwa amekaa anatusoma mimi na Mzee kwa wiki nyingi, anajua maruni, anajua Siaya, anajua ninalipa Jumanne. AI ilimsaidia kuandika lakini mlango nilimfungulia mimi. Tukaitoa hiyo anwani, tukabadilisha paswedi, tukatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, tukaweka ile hatua ya pili ya kuthibitisha kwa imeli na kwa WhatsApp pia. Kama una biashara nenda kaangalie hiyo sehemu ya kufowadi leo, mimi sikuwa hata najua iko.

Nikamuuliza mpwa wangu, sasa nitawatambua aje? Akacheka akasema Anti, hutawatambua. Akanieleza Microsoft walionyesha Januari 2023 programu inayoiga sauti ya mtu kwa kusikia sekunde tatu tu. Akanieleza ile ya Hong Kong mwaka wa 2024, mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya Arup aliingia kwa mkutano wa video akaona mkubwa wake na wenzake wakiongea, wote bandia, akatuma karibu dola milioni 25 za Marekani. Milioni ishirini na tano! Na huyo alikuwa ameshuku imeli ya kwanza, ile video ndio ilimtuliza. Mimi na buchari yangu nikajiskia afadhali kidogo.

Basi nikaacha mambo ya kutambua. Nilinunua kaunta buku, lile jeusi kubwa la shule, nikaandika kwa kalamu namba na till ya kila saplaya, na kila moja niliipata kwa kuongea na mtu mwenyewe au kutoka kwa risiti za zamani za karatasi, si kwa imeli. Linakaa kwa droo pamoja na mkasi na chaki. Na sheria ni moja: mtu yeyote akibadilisha kitu chochote kuhusu pesa, till, akaunti, namba ya simu, hata tarehe ya kulipa, hatujibu hapo hapo. Tunakata, tunafungua kitabu, tunapigia namba iliyo kwa kitabu. Kama hashiki tunangoja. Na ile jina inayotokea kabla ya PIN inasomwa kwa sauti na mtu mwingine dukani, asome yeye si mimi, juu macho yangu tayari nimeshajua yanaona kile yanataka.

Rahisi kuandika. Ngumu ilikuwa kumkatia simu mtu mzima. Mimi nimelelewa Mumias, huko kwetu mzee akiongea unangoja amalize hata kama uji unaungua, sasa nitamwambia mtu wa rika la baba yangu eti kata nikupigie nijue kama ni wewe? Kwanza niliogopa ataona namwita mwizi. Nikapanda basi nikaenda Nairobi kuchagua vitambaa, na tukiwa tunakunywa chai kwa duka lake nikamweleza yote, buchari na nini, na nikamwomba ruhusa mapema: Mzee, kuanzia leo ukinipigia mambo ya pesa nitakukatia, tafadhali usinichukulie vibaya. Alinyamaza kidogo. Akasema mwanangu, wewe nikatie tu. Tukachagua pia swali moja ambalo jibu lake tunalijua sisi wawili, halijawahi kuandikwa mahali, na hapa pia silisemi.

Desemba ndio wakora walirudi. Desemba kwa mtu wa yunifomu ni vita, shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anakumbuka siku ya mwisho. Nina oda za shule tatu, nadaiwa 118,000 ya vitambaa. WhatsApp ikaleta meseji ya sauti kutoka namba mpya yenye picha ya Mzee: mwanangu hujambo, watoto hawajambo, alhamdulillahi sisi huku wazima, nimepoteza laini, malipo ya safari hii nitakutumia namba nyingine. Ile alhamdulillahi ya kuvuta, yake kabisa. Sijamaliza kuskiza simu ikalia, sauti ile ile.

Nilikuwa nimeshika shati la mtoto, pini mdomoni. Niseme ukweli wote, sikushuku. Kulikuwa na ile kukawia kidogo kila nikiuliza kitu kabla ajibu, nikajua ni netiweki tu, si mnajua netiweki zetu. Fundi mkubwa, mama mmoja kutoka Luanda ya Vihiga, ndiye aliacha cherehani akaenda kwa droo akatoa kile kitabu akakiweka mbele yangu, hakusema neno. Nikatoa pini mdomoni nikasema Mzee samahani, nakata nikupigie kwa ile namba. Ikakawia. Alafu ikasema: mwanangu, ina maana huniamini?

Wacha niwaambie, hapo ndipo nilikaribia kulipa. Si kwa ujinga, kwa aibu. Nilijiskia kama nimemtukana baba yangu mbele ya wafanyakazi. Nikasema ni sheria ya duka Mzee, nikakata, mkono unatetemeka.

Nikapiga namba ya kitabu kwa simu ya fundi. Akashika mara ya pili, anakula, namskia anatafuna. Nikamuuliza lile swali letu akalijibu na chakula mdomoni. Nikamuuliza umepoteza laini? Akasema laini gani, si hii tunaongea. Nikaweka simu ya fundi karibu na yangu nikamchezea ile meseji ya sauti. Alikaa kimya mpaka nikadhani imekatika. Akasema, huyo ni mimi. Akasema tena, mwanangu, huyo ni mimi lakini si mimi. Yeye huweka video za vitambaa Facebook kila Ijumaa, anaongea dakika tano, kumi, kwa hiyo sauti yake iko huko nje ya kutosha. Ile namba mpya tuliituma kwa 333, namba ya Safaricom ya kuripoti wakora, na tukaripoti kwa WhatsApp.

Mengine yalikuwa madogo madogo nayapitia haraka. Mteja akionyesha skrinshoti au meseji kwa simu yake kwamba amelipa, nguo haitoki mpaka meseji iingie kwa simu ya duka, na ni meseji kutoka MPESA si kutoka namba ya mtu. Imeli ya eti KRA, watu wa kodi, kwamba eTIMS yako (mfumo wao wa invoisi) inafungwa leo bonyeza hapa, hiyo imekuja mara mbili na ni kali juu tangu 2024 wateja wakubwa wanataka invoisi ya eTIMS la sivyo hawakupi kazi, lakini hatubonyezi linki, tunafungua iTax, tovuti yao ya kodi, wenyewe tukiandika anwani kwa mkono, na barua ya kweli inatoka kwa anwani inayoishia na kra.go.ke. Na laini ya duka, ya Safaricom, tuliifunga isibadilishwe kwa ajenti yeyote, unapiga *100*100#. Kwa chama chetu cha akiba mama mmoja alitoa zile namba sita za kuthibitisha WhatsApp akidhani ni za mkutano wa kanisa, na kabla jioni watatu wetu walikuwa wamemtumia "yeye" pesa ya hospitali. Sasa chama nacho kina kaunta buku.

Kijana wa kaunta nilimjaribu. Nilipiga na simu ya dada yangu nikamwambia ni mimi, simu yangu imezima, tuma 8,000 kwa hii namba haraka niko Kakamega nimekwama. Alisema sawa Madamu, akakata, akapigia ile yangu. Nilifurahi lakini pia nilijiskia vibaya kidogo, mtoto nimemlisha miaka mitatu anakatia sauti yangu bila hata pole. Jioni nikamnunulia samaki.

Haya mambo yana gharama lakini. Februari Mzee alibadilisha till kweli, akanitumia imeli kama kawaida, nikafungua kitabu nikapiga, hashiki. Nikapiga mchana, hashiki. Alikuwa matangani Mombasa na simu ameiacha chaji. Nilimpata saa mbili usiku, akajibu lile swali kabla hata sijamwamkia, tukacheka, nikalipa, lakini basi la usiku lilikuwa limeshajaza mizigo. Sketi za Siaya zilifika siku moja nyuma, na mwalimu mkuu alizihesabu zote, moja moja, akiwa amenuna.