Unapakiaga mtu?

Siku ya tano leo na hilo swali bado nalisikia. Wale wa siku zote mnajua pikipiki yangu, Suzuki V-Strom, imetoka bandarini wiki tatu zilizopita, ile 650 ya 2018, mtumba wa Japani lakini kwangu mimi ni mpya, na tangu ifike humu ndani hamna habari nyingine, ni keria, ngao, breketi, mpaka Mama Salma akasema hata usingizini nataja maboksi. Basi Jumamosi nikamwambia twende wote dukani tukitoka hapo tupitie Kariakoo, akakubali.

Kijana wa pale anaijua kazi yake, siwezi kumlaumu. Kanitolea boksi la nyuma la kampuni yenyewe na la Givi, hawa wengine wanaotengeneza maboksi ya pikipiki, kayaweka mezani ubavu kwa ubavu. La kampuni linaingia kwenye matundu yaliyopo, hamna kutoboa, hamna kupinda, ila ni la kuagiza na bei yake mtu unakaa kwanza. La Givi breketi ndiyo ya pikipiki yako, boksi lenyewe ni la kwako, siku ukiuza unabaki nalo unanunua breketi nyingine tu. Yule jamaa yangu wa ofisini alikuwa kanijaza maneno ya warranty, eti ukifunga vitu vya nje kampuni wanakukana, sasa pikipiki ya 2018 warranty ilishakufa zamani nani atanikana? Kwa hiyo nilikuwa nimeshaegemea Givi kabla hata sijafungua mdomo.

Ndo akaniuliza. "Mkubwa, unapakiaga mtu?"

"Hapana."

Hivyo tu. Hata sikuvuta pumzi.

"Safi, basi keria ndefu, mzigo unausogeza mbele mpaka juu ya siti ya abiria. Ukiuacha nyuma kule tairi la mbele linakuwa jepesi, ukifika 110 usukani unaanza kucheza."

Na ni kweli kabisa, mi mwenyewe nilishayasoma hayo usiku wa manane mara kumi. Nikawa natingisha kichwa kama mwanafunzi, nageuka kumwonyesha Mama Salma, namkuta yuko kwenye shelfu ya helmeti. Kashika moja nyeupe, ndogo, saizi ya kike. Akateremsha kioo chake taratibu kwa kidole kimoja, akairudisha pale ilipokuwa, akaigeuza kidogo iangalie mbele kama zile nyingine. Halafu akaniuliza kama tumemaliza.

Sasa nijitetee. Mlikuwepo 2021 nilipoandika ile ya Chalinze, tulivyoteleza na ile pikipiki ya zamani kwenye mchanga pembeni ya lami, goti lake likafungwa wiki sita, akasema mbele ya mama yake kwamba mimi pikipiki basi, sipandi tena. Mtu kasema sipandi, mimi nikiulizwa napakia mtu nijibu nini? Hesabu iko sawa. Ila mtu asiyepanda anashika helmeti ya nini, na mbona "hapana" ilitoka haraka vile kama nimeulizwa kama nadaiwa? Miaka yote hii sijamuuliza tena hata mara moja. Nilikuwa naita hiyo heshima.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa, mdogo wangu kaoa Tanga na bosi kahamishiwa Dodoma tumeachwa kitengo hakina mwenyewe, lakini mimi ukumbini naangalia bi harusi anakatishwa keki nawaza ile shelfu.

Jumanne nikaenda mtaa wa Gerezani kwa mzee wa vyuma, nikitafuta keria ya laki moja na nusu nisahau haya mambo ya duka. Anakunja bomba vizuri mzee yule, ila alitaka achomelee hapohapo kwenye chesisi, nikamwambia mzee hii ina kompyuta, tutoe betri kwanza, akanicheka: "Kijana, pikipiki au ndege?" Na katika kunicheka akanipiga na lingine, kwamba Boxer ya bodaboda inatoka dukani na keria, na ngao, na stendi kubwa, hii yako ya mamilioni imekuja uchi. Ukitoa kile kikeria kidogo cha plastiki, ni kweli jamani! Hata stendi ya kati ni ya kununua pembeni, na pikipiki ya cheni bila stendi ya kati utaipakaje cheni mafuta ukiwa safarini, unaisukuma nusu mita unapaka, unaisukuma tena unapaka. Sikufunga chochote.

Jana jioni naiosha uani, akatoka na chai. Kaiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa, kasimama. Halafu akakunja ngumi akaikandamiza siti ya nyuma, mara mbili, kama mtu anaangalia unga wa maandazi umeumuka.

"Hii sponji au ubao?"

Nikasema ni sponji.

"Mpaka Iringa kwenye hii?" Akaingia ndani.

Aisee! Sikuuliza Iringa ya nani. Nimelala saa nane usiku, keria ndefu imefutwa, saivi ni boksi lenye mto wa mgongo likae nyuma kidogo, mzigo mzito ushuke kwenye maboksi ya pembeni, na Givi wanasema kilo 10 kila moja usizidishe, kwa hiyo viatu vyake vitabaki. Siti ya kampuni yenye sponji nene ipo ila fundi viti wa Ilala ananiwekea nyingine kwa robo ya bei, naipeleka Jumamosi. Ile helmeti nyeupe nimepiga simu, bado ipo. Sijamwambia.

Halafu kitu kingine, asubuhi nimepita kwenye mita ya maji, mabomba yote yamefungwa, nimehakikisha mpaka la chooni, na ile gurudumu nyekundu inazunguka polepole, yaani kuna mahali maji yanavuja. Na bomba linapita chini ya vigae vipya.